Kibao cha Upepo cha Kapteni

Wiki hii nyigu ameanza kujenga kwenye tundu la kitasa cha mlango wangu hapa Ikungi. Namsikia kila asubuhi nikitandika kitanda. Anaingia na donge lake la tope, ananyamaza kidogo, kisha anaanza kuunguruma kwa sauti nyembamba, kama mtu anayenoa kisu mbali sana. Jirani yangu ameniambia nimmwagie mafuta ya taa, mambo yaishe. Ni ushauri mzuri, lakini sijaufuata. Nakaa ukingoni mwa kitanda namsikiliza mpaka amalize, na kila anapoanza namkumbuka Kapteni, naikumbuka ndege yake, na namkumbuka baba yangu akiwa amesimama mbele za watu na kofia mkononi.

Tulikuwa tunakaa Manyoni, katika nyumba za reli. Baba alikuwa fundi wa geji. Treni hufunga breki kwa nguvu ya upepo uliobanwa ndani ya mabomba, na geji ndiyo inayomwambia dereva upepo huo ni mwingi kiasi gani, kwa hiyo kazi ya baba ilikuwa kuhakikisha geji hazisemi uongo. Alikuwa na tabia ya kugonga kioo cha geji kwa ukucha mara mbili kabla ya kuiamini. Tabia hiyo alikuja nayo hadi nyumbani. Aligonga saa ya ukutani, aligonga redio, na mama alikuwa akisema kwamba hata siku ya kumposa alimgonga kidogo begani kwanza. Alikuwa anarudi jioni na harufu ya grisi na sabuni ya mche, na mimi nilikuwa namvua viatu ili nipate kumuuliza maswali.

Kapteni hakuwa mtu wa reli. Alikuwa amerusha ndege za watu wengine maisha yake yote, na alipostaafu alirudi kwao Kilimatinde na ndege yake mwenyewe, kuukuu, ya viti viwili, aliyoinunua kwa mkulima mmoja wa huko kaskazini. Ndege ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko baba yangu. Mabawa yake yalikuwa ya turubai iliyopakwa rangi, ukiyagonga yanalia kama ngoma. Aliihifadhi ndani ya banda la mabati kando ya kiwanja cha nyasi, na ukiingia humo unakutana na harufu ya petroli, rangi na mavi ya popo, na juu kwenye mbao utasikia nyigu wakijenga. Masika, barabara zikikatika, Kapteni alipeleka masanduku ya chanjo vijijini, na mara nyingine alirudi na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma. Watu walimpenda. Watoto tulimpenda zaidi, kwa sababu alikuwa anatujibu shikamoo zetu moja moja, hata tukiwa kundi zima.

Ndege haina budi kujua inakwenda kasi gani hewani. Ikienda polepole mno, mabawa yanashindwa kuibeba na inaanguka. Ikitua kwa kasi mno, kiwanja kinaisha kabla haijasimama. Ndege ya Kapteni ilipimwa kasi kwa kitu ambacho sisi watoto tulikiita kibao cha upepo. Kilikuwa bati jembamba, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, limefungwa kwenye mkono wa chuma wenye springi chini ya bawa la kulia. Upepo ukikisukuma kinarudi nyuma, na nyuma yake kuna tao lenye namba zilizoandikwa kwa rangi nyeupe. Basi. Hakuna waya wala bomba. Ilimpasa Kapteni ageuze shingo na kuchungulia nje ili asome, na macho yake yalikuwa yanaanza kuzeeka, na springi nayo ilikuwa imechoka.

Siku moja alikuja kwetu na boksi la viatu. Ndani yake, ndani ya fulana kuukuu, kulikuwa na geji ya mwendo iliyotolewa kwenye ndege iliyokufa.

"Fundi," alimwambia baba, "hii inakula upepo kama geji zako za breki. Nifungie."

Baba aliitoa, akaigonga kwa ukucha mara mbili, akatabasamu. Nilijua amekubali kabla hajafungua mdomo.

Likizo ile yote tulikuwa tunakwenda Kilimatinde, mimi na baba, nyuma ya pikapu ya Kapteni. Baba alichukua bomba jembamba la shaba, akalinyoosha, akalifunga chini ya bawa la kushoto, mdomo wake ukitazama mbele. Kutoka hapo alipitisha mrija ndani ya bawa mpaka kwenye geji, mbele ya macho ya rubani. Nilimuuliza bomba litajuaje mwendo. Hakunicheka. Tulipokuwa njiani kurudi aliniambia nitoe kiganja nje ya pikapu.

"Unasikiaje?"

"Upepo unanisukuma."

"Kapteni, ongeza mwendo kidogo! Sasa je?"

"Unasukuma zaidi."

"Basi bomba nalo linasikia hivyo hivyo. Geji inasema tu limesukumwa kiasi gani."

Leo mimi ni mwalimu wa fizikia, na sijapata namna nzuri zaidi ya kuwafundisha wanafunzi wangu.

Tuliijaribu kwa pikapu kabla ya kuirusha. Baba alisimama nyuma ameshika mti mrefu wenye bomba kichwani, kama mtu aliyebeba bendera, na mimi nilikaa mbele karibu na Kapteni, geji mapajani, nikisoma namba kwa sauti huku yeye akilinganisha na mwendo wa gari. Tulikwenda na kurudi kiwanjani mpaka mbuzi wakatuzoea. Vumbi lilinijaa mdomoni. Sikumbuki kama niliwahi kufurahi kiasi kile tena. Mama naye alishona kofia ndogo ya kitambaa chekundu, kutoka kwenye kanga yake iliyochakaa, ya kuvika mdomo wa bomba ndege ikiwa imesimama, ili vumbi na wadudu wasiingie. Kapteni aliivaa kwanza kwenye kidole gumba akaitembeza kuwaonyesha watu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningependa kulipita haraka, lakini haiwezekani.

Kazi ilipokwisha, kile kibao cha zamani kilikuwa bado kipo chini ya bawa la kulia. Nilikuwa nimekitamani tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakipuliza kwa mdomo kisogee kwenye namba, nakizungushia nyasi, na moyoni nilikuwa nimeshakiona kikiwa kwenye mti wangu mwenyewe, nikikimbia nacho mbele ya watoto wote wa nyumba za reli. Nikaanza kuomba. Niliomba kwa ile sauti ya watoto, isiyo na aibu, inayovutavuta maneno mpaka mtu mzima achoke.

"Acha, Salma," baba alisema. "Kikae hapo hapo. Hakili wala hakinywi."

"Lakini Kapteni ana geji mpya!"

"Geji mpya sawa. Cha zamani kitamkumbusha mpya ikisahau."

Nililia. Sikupigwa wala sikufinywa, nililia tu kwa sababu nilijua Kapteni hawezi kuvumilia mtoto akilia. Na kweli, alicheka akanifuta uso kwa kiganja chake kikubwa.

"Mpe mtoto, Fundi. Amefanya kazi likizo nzima. Mshahara wake huo."

"Na mkaguzi wa ndege akija?"

"Nitamwita mwenyewe nikienda Dodoma, aje aone kila kitu kwa pamoja."

Baba alimtazama, akanitazama mimi, akalitazama bawa. Aligonga kile kibao kwa ukucha mara mbili. Kisha akachukua spana akakifungua, akanikabidhi, na mimi nilikimbia kiwanja kizima bila kusema asante.

Kapteni aliruka na geji mpya safari kadhaa, na kila akitua alikuwa anainua dole gumba kwa baba. Kisha ikaja ile Jumamosi. Alikuwa ameondoka asubuhi na mapema kupeleka chanjo upande wa Itigi. Mimi na baba tulifika Kilimatinde mchana, baba alitaka kukaza nati moja Kapteni akirudi. Ulikuwa mchana wa upepo mkali, ule unaochota vumbi jekundu na kuliinua kama nguo iliyoanikwa. Kwangu ulikuwa upepo wa bahati. Nilikuwa nimekifunga kibao changu kwenye mti, nakimbia nacho kando ya kiwanja, kinapiga kelele ya tap-tap-tap.

Tuliisikia ndege kabla ya kuiona. Ilipita juu yetu mara moja, ikazunguka, ikapita tena. Baba aliweka mkono juu ya macho. "Mbona hatui?" alisema, lakini alikuwa anajisemea mwenyewe. Mimi nilipunga mti wangu hewani, nikitaka Kapteni aone kibao kinavyokwenda.

Safari ya tatu alishuka. Hata mimi, mtoto, niliona anakuja kwa kasi mno. Magurudumu yaligusa nyasi katikati ya kiwanja, yakaruka, yakagusa tena, na ndege haikutaka kusimama. Ilipita mbele yetu na nilimwona Kapteni uso wake umekakamaa, kisha kiwanja kikaisha. Ilivunja uzio wa miiba, ikaingia kwenye mfereji, ikasimama kwa pua, mkia juu. Baada ya hapo palikuwa kimya, na katika ukimya ule nikasikia tap-tap-tap mkononi mwangu.

Baba alikuwa ameshaanza kukimbia.

Walimtoa akiwa hai. Nyonga ilikuwa imevunjika vibaya, na mguu umegeuka upande ambao mguu haugeukii. Mkewe, Mama Elia, alipomfungua koti ili apumue, kofia nyekundu ya mama ilianguka kutoka mfukoni. Kapteni alikuwa amesimama kijijini muda mfupi tu, kunywa chai na kushusha masanduku, akaona hakuna haja ya kuivika. Nyigu aliona muda ule unamtosha. Kapteni alikuja kugundua akiwa ameshapaa kwamba mshale umelala kwenye sifuri. Aliruka hadi nyumbani kwa kusikiliza injini, na kwenye kutua, kwa kuogopa kwenda polepole na kuanguka, alikwenda haraka mno.

Baba alirudi kwenye bawa la kushoto baada ya gari la wagonjwa kuondoka. Alichokonoa mdomo wa bomba kwa waya, na donge la tope likadondoka kiganjani mwake, ndani yake kiwavi aliyefungiwa na nyigu, bado akijinyonganyonga. Alilitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma yake na mti wangu. Mama, aliyefuata na watu kutoka Manyoni, aliunyofoa ule mti mkononi mwangu, na sijakiona kile kibao tena mpaka leo.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mjinga. Kibao hakina tundu la kuingia nyigu. Kama kingekuwepo, Kapteni angegeuza shingo tu akasoma. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, na lilikaa juu ya kifua changu kama jiwe la kusagia.

Baada ya siku chache mkaguzi alikuja kutoka Dodoma. Watu walikusanyika kiwanjani, wengi wao wakiwa hawana shughuli pale. Alizunguka mabaki ya ndege, akainama chini ya mabawa yote mawili, akauliza kwa sauti ya upole:

"Hapa kulia palikuwa na kipimo cha zamani. Nani alikitoa, na kwa nini?"

Nilikuwa nimeshika nguo ya mama.  Baba alivua kofia.

"Mimi, mzee. Niliona vikiwa viwili vitagombania upepo. Kimoja kingekiharibia kingine."

Mkaguzi alilitazama bawa la kulia, akalitazama la kushoto, akamtazama baba.

"Una hakika na maneno yako, Fundi?"

"Nina hakika. Ni hesabu yangu. Nilikosea."

Watu walinong'ona. Mimi nilipumua. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote, jinsi hewa ilivyoingia kifuani mwangu ikiwa baridi na tamu. Kumbe haikuwa mimi! Baba alikuwa na sababu yake ya kiufundi, angekitoa hata bila machozi yangu. Nililichukua jibu lake kwa mikono miwili na sikulichunguza hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nalihitaji.

Mkaguzi alimkataza baba kugusa ndege tena, jambo ambalo halikuwa na maana, maana hapakuwa na ndege nyingine. Adhabu yenyewe ilitoka kwa watu. Wakubwa wa karakana walisikia, wakamwondoa kwenye geji wakampeleka stoo, kutoa misumari na kupokea magunia. Waliokuwa wakimletea redio na mizani zao jioni waliacha kuja. Sokoni nilisikia mtu akimwonyesha mwenzake: "Yule ndiye aliyemwangusha Kapteni." Na shuleni, wenzangu waliponiuliza, niliwaeleza vizuri kabisa, kwa ile sauti ya mtoto anayejua somo. "Baba alikosea hesabu," nilisema. "Alidhani vitagombania upepo." Nilisema hivyo mara nyingi. Nilikuwa naona namtetea.

Kapteni hakutembea tena bila magongo. Kila Jumapili baba alipanda baiskeli kwenda Kilimatinde. Alimpasulia kuni Mama Elia, alimsaidia Kapteni kuoga na kumnyoa ndevu, kisha wakakaa barazani. Kila Jumapili aliniuliza, "Twende?" na kila Jumapili nilikuwa na sababu. Niliogopa kwamba Kapteni atakuwa anamlaumu baba yangu, na sikutaka kuona. Nikakua, nikaenda sekondari ya bweni, nikaenda chuo. Kapteni alipofariki nilikuwa na mitihani. Ningeweza kuomba ruhusa, lakini sikuomba.

Nilikuwa nimeshafundisha miaka kadhaa siku nilipochora ndege ubaoni, hapa hapa Ikungi. Nilichora bomba chini ya bawa moja, na kwa mazoea ya mkono, bila kufikiri, nikachora kibao chini ya bawa la pili. Nikageuka kuwaeleza wanafunzi. Nikageuka tena kutazama ubao. Kati ya kile kibao na lile bomba kulikuwa na mwili mzima wa ndege na injini yake. Upepo unaopita huku hauna habari na upepo unaopita kule. Hakuna fundi wa geji duniani ambaye asingelijua hilo, na baba yangu alilijua kuliko wengi. Niliwaambia wanafunzi wasome wenyewe, nikatoka nje nikashika ukuta.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mungaa, kijijini kwetu, ambako baba amestaafia na anaishi mpaka leo. Nilimkuta uani amekalia gunia, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zinaruka kila upande. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikachukua fimbo nyingine. Tulipiga pamoja.

"Baba, kile kibao kilikuwa bawa la kulia."

"La kulia, ndiyo."

"Na bomba kushoto."

"Kushoto."

"Sasa vingegombania upepo gani?"

Hakuacha kupiga. Alikung'uta kichwa cha alizeti kilichokwisha, akakitupa kwa mbuzi, akachukua kingine.

"Spana ilikuwa mkononi mwa nani?" aliniuliza.

"Mwako."

"Basi. Mtoto anaomba, hiyo ndiyo kazi yake. Hata moto ungeuomba."

"Ungesema tu nililia. Watu wangeelewa."

"Wangeelewa, halafu wangekuita nani mpaka unaolewa?"

 Nilimuuliza kama Kapteni alijua kwamba maneno yale kwa mkaguzi hayakuwa kweli. Hapo ndipo alipoweka fimbo chini.

"Aliyeyatunga ni yeye," baba alisema. "Siku ile ile hospitalini, hata dawa ya maumivu haijamshika. Aliniita karibu akaniambia, 'Fundi, mtoto asiambiwe. Tafuta la kusema.' Mimi nilikuwa sina akili ya kutafuta chochote. Ndiyo akanipa hilo la kugombania upepo. Nikamwambia mkaguzi hatalikubali. Akasema, 'Mkaguzi hatalikubali, lakini Salma atalikubali.'"

Mbuzi walikuwa wanatafuna. Mbegu zilikuwa zimenijaa mapajani na sikuweza kuziona vizuri.

"Aliwahi kuniulizia?"

Baba alinitazama kwa huruma ambayo sikuistahili, na nadhani alifikiria kunidanganya tena, maana alikawia. Lakini nilikuwa mtu mzima sasa.

"Kila Jumapili," alisema. "Nikifika tu, kabla sijaegemeza baiskeli, alikuwa ananiuliza, 'Leo umekuja naye?'"

Nilipokuwa mtoto nilidhani wazee wawili wale wanakaa barazani wakilaumiana. Kumbe walikuwa wanalinda kitu kimoja, na kitu hicho ni mimi, na gharama yake kwa mmoja ilikuwa kazi na heshima aliyoijenga tangu ujana, na kwa mwingine ilikuwa kumkosa mtoto aliyempenda. Machozi ya kuomba kibao nimeshajisamehe, yalikuwa ya mtoto wa miaka tisa. Zile Jumapili ndizo zinazonishinda. Miaka ile niliendelea kukua, nikawa msichana mwenye akili za kutosha kujiuliza kwa nini baba hachoki kuniambia twende kwa mzee wa magongo, na bado nilikuwa na sababu.

Kaburi lake liko Kilimatinde, nyuma ya kanisa. Nimekwenda mara moja. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa, nikamwamkia kwa sauti, shikamoo Kapteni, nikangoja kidogo kwa mazoea ya utotoni, kwa sababu yeye alikuwa anaitikia kila mtu, mmoja mmoja.